Mstari Uliohamia Kulia

Fundi wa vito hakukana kitu. Alifungua mlango wa uani kwa mkono wake mwenyewe, akawaonyesha mapipa yake ya plastiki yaliyojaa maji ya dawa, na pembeni rundo la filamu za hospitali: vifua, magoti, viganja, na fuvu moja lililowatazama kwa mashimo ya macho.

"Ndizo hizo, Afande," alisema. "Naziloweka, ule weusi unatoka na kuacha tope. Tope ndilo lenye madini ya fedha. Wala si siri, kibali ninacho."

Inspekta alivaa glavu, akachuchumaa, akaanza kuzipekua moja moja akiziinua kwenye mwanga wa jua. Hakuwa mwanamke wa haraka. Nyuma yake alisimama Koplo, mtu mzima aliyebakiza muda mfupi kustaafu, na kando ya Koplo alisimama mtunza ghala wa hospitali, ambaye watu wote walimwita Kufuli. Jasho lilikuwa likimtiririka Kufuli ingawa asubuhi ilikuwa bado ya baridi. Walikuwa wamemkuta na bahasha tupu ghalani kwake, na kwa upande wa Koplo kesi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kuandika.

Kesi yenyewe ilianza kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Mwaka uliopita gari la kliniki lilizunguka mitaani likiwapiga wanawake picha za matiti bila malipo. Wanawake walijitokeza wengi kuliko ilivyotarajiwa, na daktari wa kusoma picha alikuwa mmoja. Filamu zikarundikana ghalani bila kusomwa. Ndipo hospitali ikaleta skana ya kuziingiza kwenye kompyuta, pamoja na programu ya kuzipitia na kuweka alama kila inaposhuku saratani. Mwanamke ambaye picha zake hazikuwa na alama alitumiwa ujumbe wa simu: picha zako ni salama.

Mwalimu alipata ujumbe huo. Alikuwa ameanza kuhisi kitu kigumu kama punje titini, lakini baada ya ujumbe akaacha kujishikashika. Alipokwenda hospitali nyingine hatimaye, punje ilikuwa imekuwa yai. Daktari wa upasuaji wa huko aliomba picha za mwaka uliopita, akazitazama, akazirudia, kisha akapiga simu polisi. Katika ujana wake Mwalimu aliwahi kutolewa uvimbe usio na madhara, na ndani ya titi kikaachwa kibanio cha chuma, kidogo kuliko mbegu ya ufuta. Chuma hakiyeyuki. Kwenye picha zilizoandikwa jina lake, kibanio hakikuwamo.

Titi lile halikuwa la Mwalimu. Na filamu zake halisi hazikuwa ghalani.

"Hapa hakuna hata moja ya matiti," Inspekta alisema, akasimama na kujinyoosha mgongo.

"Zile ndogo?" Fundi wa vito alicheka. "Afande, zile hata ukiniletea bure sizitaki. Hizi za kifua zimepakwa dawa pande zote mbili. Zile za matiti zimepakwa upande mmoja tu. Nitapotezaje maji yangu kwa nusu ya mali?"

Kufuli alishusha pumzi ndefu. "Si nilisema mimi!"

"Hukusema," Koplo alimkatiza.

"Ningesemaje? Ulinikamata kabla sijafika katikati ya sentensi."

Inspekta alimgeukia. "Haya, imalizie sentensi yako, mzee wangu."

Kufuli alijifuta uso kwa kiganja. Filamu za vifua aliuza, alikiri, zile zilizopitwa na wakati, kwa ruhusa ya mdomo ya mkubwa aliyekwishahama. Lakini zile ndogo hakuzigusa. Kisanduku chenye filamu za Mwalimu na wanawake wengine kilikwenda chumba cha skana, na siku kiliporudi alikikuta asubuhi mlangoni pa ghala, kimefungwa kamba vizuri. Alipokifungua, bahasha zilikuwamo zote na majina yake. Ndani hamkuwa na kitu.

"Na hukuuliza?"

"Nilidhani wamezibakiza kwa kusafisha. Halafu kazi zikanizonga." Aliinamisha kichwa. "Halafu nikaogopa, Afande. Vitu vikipotea, anayeshikwa shati ni mwenye funguo. Si mmenishika?"

Inspekta alivua glavu, akawaongoza kurudi hospitali.

Chumba cha skana kilikuwa ghorofa ya chini kabisa, mahali palipokuwa zamani chumba cha kufulia. Mabomba manene bado yalipita juu, chini ya dari. Inspekta alikuwa na kawaida ya kutazama juu kabla ya kutazama watu, na pale juu aliona kiraka cha rangi nyeupe, kipya, kilichotofautiana na weupe uliochoka wa dari nzima.

Aliyekuwa akiongoza chumba hicho aliitwa Mama Taa, kwa sababu ya sanduku la taa ambalo alikuwa akiliinamia kutwa akikagua filamu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na sauti ya mtu aliyezoea kutuliza wagonjwa. Aliwavutia viti.

"Tuonyeshe kazi inavyokwenda," Inspekta alisema. "Kama unavyomfundisha mgeni. Koplo, andika."

"Naandika, Afande."

Inspekta alichungulia daftari. "Hapo umeandika nini?"

Koplo alikohoa. "Picha za... viungo vya juu."

Mama Taa aliangua kicheko. "Andika matiti, baba. Uliyanyonya, hukuyaiba."

Hata Inspekta alitabasamu. Kisha Mama Taa alichukua filamu kutoka kwenye bahasha, akaishika pembeni kwa ncha za vidole. Aliwaonyesha upande unaong'aa na upande uliofifia, ule wenye dawa, na herufi za risasi pembeni zinazosema kama titi ni la kushoto au la kulia. Aliipangusa kwa kitambaa laini, akaiweka kwenye mdomo wa skana. Rola zikaimeza taratibu, na kwenye kioo cha kompyuta picha ikaanza kujichora kutoka juu: ukungu wa kijivu, mishipa kama mizizi, na upande wa kushoto kabisa mstari mweupe, mwembamba kama unywele, kuanzia juu hadi chini.

"Huo mstari ni nini?"

"Uchafu kwenye kioo cha ndani cha skana. Tangu imefika unao. Tumemwita fundi mpaka tumechoka."

"Uko kwenye kila picha?"

"Kila picha, upande huo huo. Daktari ameshauzoea, hata haoni tena."

"Na hizi picha huwa mnazigeuza? Kushoto ikae kulia?"

Mama Taa alitikisa kichwa kwa nguvu. "Hilo ni mwiko hapa. Picha ikigeuzwa, titi la kushoto linakuwa la kulia. Daktari wa upasuaji atamkata mtu upande mzima na kuacha upande mgonjwa."

Akaendelea. Kompyuta ilipomaliza kuisoma picha, pembetatu ndogo nyekundu ilitokea karibu na ukingo. Mama Taa aliisogelea, akaitazama filamu yenyewe kwenye sanduku la taa, akabofya. Pembetatu ikapotea.

"Umefanya nini?"

"Alama ya kidole cha mtu. Mashine hii ni mwoga, ikiona vumbi inapiga kelele saratani. Mkwaruzo, vumbi, alama za vidole, hizo naziondoa mimi na kuandika kasoro ya filamu. Zinazobaki zinakwenda kwa Daktari."

"Na zisizo na alama?"

"Zinakwenda moja kwa moja kwenye ujumbe wa simu."

"Hazisomwi na mtu?"

"Angezisoma nani, Afande? Ndiyo maana tukaletewa mashine."

Inspekta aliuliza kisanduku cha Mwalimu kilipitaje. Mama Taa alisema kilipita kama vingine na kikarudi ghalani, wamuulize Kufuli. Sauti yake haikutetereka. Lakini alikuwa ameshika filamu ile ile, na alikuwa akiipangusa kwa mara ya tatu.

Daktari wa picha walimkuta ofisini amesimama, simu moja sikioni na nyingine ikitetemeka mezani. Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo imetangulia mbele kama ya mtu anayechelewa basi. Alasiri hiyo, alisema, wangekuja wageni waliotoa msaada wa mashine, na mbele yao kundi la pili la ujumbe lingetumwa kwa wanawake. Kwa hiyo kama wangeweza kurudi kesho...

"Nionyeshe picha za Mwalimu," Inspekta alisema. "Kisha tutaona kama tunarudi."

Daktari alizifungua. Zilikuwa nne, kila titi mara mbili: moja imepigwa kutoka juu, nyingine kutoka ubavuni. Inspekta alivuta kiti mpaka pua yake ikakaribia kioo. Alizitazama picha hizo kwa muda mrefu kiasi kwamba Koplo alianza kuhamisha uzito mguu huu na huu.

"Mstari," alisema.

"Upi?"

"Huo mweupe. Uko kulia."

Daktari alikunja uso. "Mstari ni wa siku zote."

"Wa siku zote uko kushoto. Nimetoka kuuona sasa hivi. Uchafu uko ndani ya mashine, hauko kwenye filamu. Hata ukiingiza filamu chini juu, mstari utabaki kushoto. Ili uhamie kulia, lazima mtu aigeuze picha ikiwa tayari imo ndani ya kompyuta."

Daktari alikaa. Simu iliyokuwa mezani ilitetemeka, akaigeuza kifudifudi.

"Kuna nyingine kama hizi?" Inspekta aliuliza. "Fungua picha za kisanduku kizima."

Picha zikajipanga kwenye kioo, ndogo ndogo kama stempu. Mstari kushoto, kushoto, kushoto. Halafu kulia. Daktari alinyoosha kidole kabla Inspekta hajasema. Walipomaliza walikuwa wamepata wanawake kumi na tisa. Baadhi ya picha zilikuwa zimefanywa nyeusi kidogo, baadhi nyeupe kidogo, nyingine zimekatwa ukingo, na zote zimefutwa herufi za pembeni. Daktari alizikuza mbili, akaziweka sambamba. Akaongeza ya tatu.

"Tazama mshipa huu," alisema kwa sauti ndogo. "Unagawanyika kama panda ya manati. Na hapa. Na hapa tena. Mungu wangu. Ni mwanamke mmoja. Kumi na tisa hawa wote ni mwanamke mmoja."

"Kwa hiyo mashine imemsoma mtu mmoja mara kumi na tisa," Inspekta alisema, "na wengine haikuwasoma kabisa. Wametumiwa ujumbe?"

Daktari alibofya. "Saba, pamoja na Mwalimu. Waliobaki wamo kwenye kundi la leo."

"Lisimamishe."

"Wageni wako njiani, Inspekta. Nitawaambia nini?"

"Waambie lolote. Hii simu yako hapa, au utumie yangu."

Alipiga. Alisema kilichotakiwa kusemwa. Alipokata simu, mkono wake ulirudi kwenye kompyuta kwa mazoea tu, ukafungua sehemu ya alama zilizofutwa. Pembetatu nyekundu ikatokea kwenye picha ya mwanamke wa kwanza. Akafungua ya mwanamke wa pili: pembetatu, mahali pale pale. Ya tatu. Ya nne.

"Hizi zimefutwa," Koplo alisema akisoma juu ya bega lake. "'Kasoro ya filamu.' Mkwaruzo, basi. Filamu moja, mkwaruzo mmoja."

Daktari alitoa kioo cha kukuzia kwenye droo, ingawa kompyuta ingeweza kukuza yenyewe, akakiweka juu ya pembetatu. Chini yake kulikuwa na doa dogo lenye miale, kama nyota iliyochorwa na mtoto. Akahamia picha ya pili ya titi hilo hilo, ile ya ubavuni. Doa lilikuwamo. Alipima kwa vidole umbali wake kutoka kwenye chuchu, akarudi kwenye ya kwanza, akapima tena.

"Ungekuwa mkwaruzo, ungekuwa kwenye filamu moja," alisema. "Hizi ni filamu mbili, zimepigwa kutoka pande mbili tofauti, na doa liko kwenye zote, kina kile kile. Hiki kimo ndani ya mwili."

"Maana yake?"

"Maana yake aliyeazimwa hili titi ni mgonjwa. Na hajui." Alimtazama Inspekta, macho yamemtoka. "Ni nani? Jina lake haliko popote. Picha ambayo haijageuzwa haimo kwenye mfumo."

Inspekta alisimama. "Nani anaruhusiwa kuandika kasoro ya filamu?"

Daktari alisita. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi. "Mama Taa," alisema mwishowe. "Yeye peke yake."

Mama Taa aliingia akikunja kitambaa chake cha kupangusia katika mraba mdogo. Aliona kioo cha kompyuta, akaona mistari yote imesimama kulia, na kitambaa kikaacha kukunjwa.

"Keti, mama," Inspekta alisema. Alisubiri akae. "Bomba la pale penye kiraka cheupe lilipasuka lini?"

Hakulitarajia swali hilo. Alifungua mdomo, akaufunga, kisha mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua mzigo.

"Wikiendi ya mvua kubwa," alisema. "Niliacha kisanduku sakafuni, Afande. Sheria inasema kirudi kabatini kila jioni. Nilikuwa nimechoka, nikasema Jumatatu si mbali. Nilikuta maji yamejaa mpaka ukingo wa kisanduku."

"Filamu zilikuwaje?"

"Zimegandana kama karata zilizoloa. Wengine nilikuwa nimeshawaingiza kwenye skana, kumi na tisa bado. Nilijaribu kuzibandua kwa maji ya uvuguvugu. Ule utando ukawa unatoka na vidole vyangu." Alivitazama vidole. "Bahasha nilizianika. Filamu sikuzitupa. Ziko kabatini kwangu, nyuma ya madumu ya dawa. Nilishindwa kuzitupa."

"Ungesema," Daktari alisema. "Ungeniambia tu! Tungewaita tukawapiga upya!"

"Ningekuambia lini? Wiki ile ulikuwa ukituambia kila asubuhi kwamba kisanduku kimoja kikichelewa mradi unafungwa, na sisi wote nyumbani. Nina wajukuu wawili wanaonitegemea." Hakusema kwa kujitetea. Alisema kama mtu anayesoma joto la mgonjwa. "Nikajiambia, wanawake wengi wanaopigwa picha ni wazima. Katika mia, mgonjwa ni mmoja, au hata hayupo. Hawa ni kumi na tisa tu."

"Alikuwamo," Inspekta alisema.

"Nani?"

"Mwalimu. Alihisi kitu, akapata ujumbe wenu, akaacha kujishika. Sasa kimekuwa kama yai. Wiki ijayo anakatwa titi, na hawajajua kama itatosha."

Mama Taa alifunika mdomo kwa kitambaa. Koplo aligeuka akatazama dirishani.

"Nitakwenda kumwona," Mama Taa alisema. "Kama atakubali."

"Hilo baadaye. Sasa nijibu moja." Inspekta alivuta kiti karibu mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. "Picha uliyowapa wote hawa. Ni ya nani?"

"Haina tatizo, Afande. Ni ya mtu mzima wa afya, hakuna aliyeumizwa kwa hiyo."

"Ya nani?"

"Linahitajika jina?"

"Ya nani, mama?" Safari hii alikuwa Daktari. Alikuwa amesimama, kioo cha kukuzia bado mkononi. "Nakuomba. Tunamtafuta. Anaishi wapi?"

Mama Taa alimtazama kwa mshangao. Hakuwahi kumsikia akiomba.

"Ni yangu," alisema. "Niliona bora nitumie ya kwangu kuliko kumchukulia mtu siri ya mwili wake. Nikaigeuza ili Daktari asiitambue. Nilipigwa siku gari lilipozinduliwa, kwa majaribio. Si unakumbuka? Uliishika hapo dirishani, ukaitazama, ukasema safi kabisa."

Daktari hakuketi. Kwa hakika ilionekana kama amesahau namna ya kuketi.

"Mbona mmenyamaza?" Mama Taa aliuliza.

Alimtazama Inspekta, akamtazama Koplo. Kisha akavaa miwani yake, akageukia kioo cha kompyuta, na Inspekta akajua kwamba hakuna neno lingehitajika. Mwanamke huyu alikuwa amekagua filamu maisha yake yote. Macho yake yalikwenda kwenye pembetatu, yakahamia picha ya ubavuni, yakarudi. Vidole vyake vilipima umbali hewani bila kugusa kioo.

"Iko kwenye zote mbili," alisema.

"Ndiyo," Daktari alijibu.

"Nilidhani ni mkwaruzo. Niliangalia moja tu, nikasema huu mkwaruzo naujua, filamu yangu nimeihamisha hamisha sana." Alivua miwani. "Kila nilipobadilisha jina, mashine iliweka alama. Kila jina. Na mimi naifuta. Ikiweka, nafuta. Nikawa naikasirikia, nasema mashine gani hii isiyosikia."

"Na mimi niliishika dirishani," Daktari alisema. "Nimesimama. Sikuiweka hata kwenye taa."

Inspekta alikuwa na mtu aliyekiri, alikuwa na mahali pa ushahidi, na kwa taratibu za kazi yake alichotakiwa kufanya ni kumpeleka kituoni akaandike maelezo. Alitazama saa ya ukutani kwa sababu tu ilikuwa mbele yake.

"Chumba cha picha kina mtu?" alimuuliza Daktari.

"Kina foleni."

"Mtangulizeni yeye. Maelezo ataandika akishuka."

Mama Taa alitikisa kichwa. "Hapana. Wapigieni wao kwanza. Wao hawakufanya kosa lolote."

"Wao nitawapigia mimi sasa hivi," Inspekta alisema. "Wewe huna namba ya kumpigia mtu. Una ngazi ya kupanda. Koplo, mpeleke, na usimwache peke yake mpaka mlangoni."

Koplo alikwenda naye. Alimbebea mkoba, na kwenye ngazi, walipopishana na machela, alimshika kiwiko bila kuambiwa. Inspekta alimtuma askari mwingine kabatini nyuma ya madumu ya dawa, na alirudi na furushi la mfuko wa plastiki lililonuka siki. Filamu zilikuwa zimeshikana kuwa kitofali kimoja cheusi. Pembeni pa kitofali, herufi moja ya risasi ilikuwa bado ikionekana.

Daktari aliporudi kutoka juu, hakuwa na simu hata moja mkononi. Kwenye mlango wa ofisi wageni wawili wenye suti walikuwa wakimsubiri, tabasamu tayari usoni. Aliwapita.

"Nimeiweka kwenye taa," alimwambia Inspekta. "Nimekaa chini, nimeitazama. Ipo."

"Ukubwa?"

"Imekua kidogo tu. Bado ndogo. Kesho tunachukua kinyama cha kupima. Nadhani tumeiwahi." Akajishika kichwa. "Nadhani. Sitaki kusema neno jingine lolote leo bila kupima."

"Yeye amesemaje?"

"Ameuliza kama umeanza kupiga."

Inspekta hakuwa ameanza. Alikuwa amekaa na namba kumi na nane mbele yake, akitafuta namna ya kuingia. Kukamata watu alikuwa amezoea; kuna maneno yake na mtu huyasema hata usingizini. Kwa jambo hili hakufundishwa. Alianza na wale sita waliokwishatumiwa ujumbe, kwa sababu hao ndio waliokuwa wamelala usingizi.

Namba ya kwanza iliita kwa muda mrefu. Kisha ikapokewa, na nyuma ya sauti ya mwanamke ikasikika cherehani ikikimbia.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Inspekta alijitambulisha, akasema anapiga kutoka hospitali, kuhusu zile picha za mwaka uliopita.

"Aaa, zile!" Mwanamke alicheka, mguu wake haukuacha kusukuma cherehani. "Hizo mimi tayari, dada yangu. Waliniandikia niko salama. Ujumbe huo sijaufuta mpaka leo, siku nikiwa na wasiwasi naufungua nausoma."

"Ndiyo maana nakupigia," Inspekta alisema. "Picha walizosoma hazikuwa zako. Zako zililoa, hakuna mtu aliyeziona. Tunataka kukupiga nyingine, leo hii. Uko wapi nije kukuchukua?"

Cherehani ilinyamaza.

"Ngoja," mwanamke alisema taratibu. "Ngoja kwanza nikae vizuri. Maana hapa kushoto, kuna kitu nilitaka kumwuliza mtu."